Ildephonse wa Kitabuni

Kama kuna kitu kilichonichosha Durban, na nimechoshwa na vingi, ni wale Waskoti. Sikuwaita mimi. Waliletwa saluni kwangu na shemeji yangu Séverin, ndani ya mfuko wa plastiki, siku ya mvua, na tangu siku hiyo sikusuka tena kichwa cha mtu kwa amani.

Séverin ni mume wa mdogo wangu Marcelline. Kule Uvira alikuwa mwalimu wa sekondari, anafundisha Kifaransa na historia, anavaa tai hata siku isiyo na shule. Hapa Durban jioni analinda magari ya watu kwenye maegesho ya mahoteli ya pwani, na mchana hana kazi. Mwanaume asiye na kazi mchana ni mzigo wa mashemeji. Marcelline naye alikuwa anafanya usafi Queensburgh kwa bibi mmoja wa asili ya Morisi, msema Kifaransa. Bibi alipohamishiwa nyumba ya wazee, watoto wake wakatupa vitabu vyote nje. Marcelline akaokota kimoja, kinene kuliko vyote, bila jalada, kwa maana mdogo wangu ananunua kila kitu kwa unene, kuanzia mkate. Ndicho kitabu hicho.

Saluni yangu iko Albert Park, chini ya gorofa, viti vitatu na kioo kimoja. Tunasuka wawili, mimi na Ninahazwe. Rasta ndogondogo zinakula siku nzima, na mteja aliyekaa siku nzima anachoka, akichoka anaanza kulalamika bei. Kwa hiyo Séverin aliposema atawasomea hadithi, anaisoma kimoyomoyo kwa Kifaransa halafu anaitoa kwa Kiswahili, nikasema sawa, bora kelele ya kitabu kuliko kelele ya bei. Laiti ningejua!

Siku ya kwanza akasimama mbele ya kioo, akakohoa kama yuko darasani. "Hii ni habari ya waasi wa Uskoti waliokimbilia ikulu ya mfalme wa Ufaransa, zamani sana."

Cathy alikuwa kitini. Huyu ni mteja wangu wa Bukavu, ulimi wake haujui kupumzika. Akageuza shingo hadi nywele zikanitoka mkononi. "Waasi? Mwalimu, mimi nimekimbia waasi, nimevuka nchi nne, nifike hapa unisomee waasi?"

"Hawa ni waasi wa zamani."

"Waasi hawana zamani," akasema Cathy. Lakini hakuondoka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na bwana mmoja Mskoti, jina lake halitamkiki, tukamwita Bwana Mak. Aliasi, akashindwa vita, akapanda meli na watu wake wachache kwenda kumwomba mfalme wa Ufaransa dhahabu na askari. Sasa kule ikulu kulijaa watu waliojipaka poda usoni, wanaume kwa wanawake, kazi yao kucheka pembeni na kumzungusha. Leo mfalme kaenda kuwinda. Kesho mfalme anaumwa jino. Rudi Jumatatu. Wateja wangu waliielewa hiyo haraka sana, kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi.

"Mwambieni Bwana Mak aje na picha nne za pasipoti," akasema Cathy, na saluni nzima ikaangua kicheko.

Tatizo lilianzia kwa watu wadogo. Séverin alikuwa anawaruka. Mjakazi analeta barua, anatoka, basi. Mpishi anaonekana mara moja, basi. "Hawa ni watu wadogo," anasema, "hawana maana katika habari." Wanawake wakakataa. Aliyebeba yale maji ya kuoga kupanda ngazi zote zile, alikwenda wapi baadaye? Alikula nini? Séverin akaona atakosa wasikilizaji, akaanza kuwapa wale watu wadogo majina ya waliokuwemo saluni. Cathy akawa mjakazi wa binti mfalme. Ernestina, mama wa Kigoma anayeuza vitenge, akawa mpishi.

Nyie mnajua jina lilivyo kwetu. Mtoto akiitwa kwa jina lako, humwiti tena kwa jina, unamwita wajina. Ukisafiri unamletea sabuni. Akipigwa, umepigwa wewe. Hawa wanawake wakalichukua jambo hilo, hilohilo, wakaliingiza kitabuni. Siku mpishi alipochapwa kwa kuiba kijiko cha fedha, Ernestina alisimama na rasta zikining'inia upande mmoja: "Mimi sijaiba kijiko cha mtu! Nani kanisingizia?" Wiki mbili hakukanyaga kwangu.

Nikamwambia Séverin, "Soma mbele kwanza ndipo ugawe majina. Ujue mtu wako anaishia wapi."

"Mwalimu hatangulii darasa lake," akanijibu, kidevu juu. "Nikijua mwisho, nitasoma bila moto."

Maringo matupu. Na maringo hayohayo ndiyo yaliyotufikisha kwa Ildephonse.

Sasa niwaambie habari za Ninahazwe, maana yeye ndiye mwenye kidonda. Ni Mrundi. Yeye na mume wake, Ildephonse, walikuwa wakimbizi Uvira kwetu kabla sisi wenyewe hatujawa wakimbizi. Vita ilipoingia mwaka wa tisini na sita, walikimbia pamoja kando ya ziwa. Njiani Ildephonse akarudi nyuma kumchukua mama yake aliyeshindwa kutembea. Ninahazwe akavuka hadi Kigoma, akangoja. Hakuja mume, hakuja mama. Wengine wakasema amekufa. Mmoja akaja na habari kwamba huko Lusaka kuna mtu anafanana naye, ana kiduka na mke mnene. Maiti hakuna, simu hakuna. Mwanamke akafika Durban si mjane, si mke.

Na hapa alikuwepo Zénon. Mkongomani mwenzetu, anatengeneza simu Overport, mtu mpole, hanywi, haongei sana. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja na mfuko wa machungwa, anamuuliza Ninahazwe kama ameamua. Ninahazwe anamjibu, "Subiri kidogo." Yeye anasubiri. Mimi ndiye niliyekuwa nachoka kwa niaba yake.

"Ninahazwe," nilimwambia, "mwanaume mzuri hakai sokoni hadi jioni."

"Dada, nikiolewa halafu Ildephonse akatokea pale mlangoni, nitamweleza nini? Na kama amekufa, nani amemlilia? Mimi mwenyewe sijamlilia. Siwezi kumlilia mtu aliye hai, ni kumroga."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Nilikuwa naendelea kusuka.

Basi siku moja kitabuni akatokea mtunza farasi wa Bwana Mak. Kijana tu, alikuwa amefunga safari na bwana wake na kumwacha mke kule Uskoti, mke akampa jibini ya njiani. Mstari mmoja. Séverin akainua macho kutafuta jina la kumpa, na Ninahazwe, ambaye hakuwahi kuomba chochote kwenye kitabu kile, akasema bila kuacha kusuka, "Huyo mwite Ildephonse."

Nilimtazama Séverin kwenye kioo, nikamtikisia kichwa: usithubutu. Aliniona. Haki ya Mungu aliniona vizuri kabisa. Akasema, "Haya. Ildephonse."

Na niseme ukweli, mwanzoni ilikuwa dawa. Ninahazwe alianza kucheka tena. Ildephonse alipomkaripia kabaila mmoja aliyempiga farasi, Ninahazwe alipiga makofi na chanuo mkononi. Alikuja kazini mapema. Kila siku anauliza, "Leo wangu yuko wapi?" Séverin anamtafutia. Hata Zénon alipopita alisimuliwa habari za mtunza farasi, akasikiliza mpaka mwisho, maskini, akasema huyo ni kijana mwaminifu.

Halafu asubuhi moja Séverin akaingia kabla sijafagia. Akanivuta hadi nyuma ya pazia, pale ninapochemshia maji.

"Shemeji, Ildephonse anakufa."

"Nani kasema? Nani kapiga simu?"

"Si huyo. Wa kitabuni."

Nilimpiga begani kwa taulo. "Unataka kuniua wewe? Na umejuaje? Si mwalimu hatangulii darasa?"

"Nimetangulia," akasema, macho chini. "Anavyouliza kila siku, nikaanza kukiogopa kitabu. Jana kwenye magari nikasoma mbele."

Akanionyesha. Kifaransa changu ni cha shule ya msingi, lakini kilitosha. Bwana Mak hatimaye amepewa dhahabu, amerudi Uskoti kwa siri na watu wake, wanafukuzwa na askari wa mfalme wao. Na hapo iko sentensi moja: kwenye kivuko cha mto walipoteza farasi wawili na mtunza. Basi. Kuanzia hapo Bwana Mak anamlilia farasi wake mweupe, kurasa mbili nzima! Macho yake, manyoya yake, alivyokuwa anakula tufaha mkononi.

"Na Ildephonse? Hata jina hawamtaji?"

"Jina nilimpa mimi, shemeji. Kitabuni hana."

Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia Séverin, nikamkasirikia na huyo mwandishi, sijui ni nani na sitaki kumjua, mtu anayeweza kumzamisha mtoto wa mwenzake kwenye mkia wa sentensi halafu akatafuta leso kwa ajili ya farasi. "Leo hii unambadilisha," nikasema. "Asife."

"Siwezi kubadilisha kitabu. Ni kazi ya mtu."

"Mwenye kazi yuko wapi? Atakuja Albert Park na polisi? Haya, kama huwezi, Ninahazwe anafika sasa hivi. Mwambie. Simama mbele yake umwambie Ildephonse amekufa maji, na mwili haukuokotwa, na waliyemlilia ni farasi."

Akakifunga kitabu.

"Basi asiwe kwenye huo mto," nikasema. "Mengine utajua mwenyewe. Wewe ndiye mwalimu."

Ndiyo, mimi nilisema hivyo, na ningekuwa na shemeji mwenye akili ingetosha. Lakini mtu ana diploma ya historia na hajui kudanganya! Mchana akasoma, au akajifanya anasoma: "Bwana Mak akapanda meli na watu wake wote kurudi Uskoti, isipokuwa Ildephonse. Yeye akabaki Paris kutunza farasi wa kabaila."

Nikamtumbulia macho kwenye kioo. Naye akanitumbulia: si ulisema asiwe mtoni?

Chanuo la Ninahazwe lilikuwa limesimama hewani. "Amebaki?"

"Amebaki."

"Wenzake wamerudi kwao, yeye kabaki? Kwa nini?"

"Farasi ni wengi," akasema Séverin.

Kesho yake Ninahazwe akauliza, "Amefanya nini leo?"

"Amewapa farasi maji."

"Na mke wake? Amemtumia salamu?"

"Kitabu hakisemi."

Nilikohoa hadi koo likauma. Nilimfuata nje hadi kwenye robot, zile taa za magari za kona, nyekundu imewaka, watu wote wananisikia. "Mpe salamu! Ni salamu tu! Mwambie ametuma barua, ametuma kitambaa, ametuma kuku!"

"Shemeji, uongo mmoja nimekupa. Wa pili sina."

"Sasa mwenye kuvunja yai moja na mwenye kuvunja mawili tofauti yao nini?"

Nikambana hivyo siku kadhaa mpaka akakubali kuongeza kitu. Mnajua aliongeza nini? Akasema kabaila amempenda Ildephonse sana, amemshonea koti lenye vifungo vya shaba, na sasa anakula nyama jikoni na wajakazi.

"Amenenepa?" akauliza Ninahazwe polepole.

"Kidogo."

Ningekuwa na nguvu ningempiga na mashine ya kukaushia nywele, na kiti chake juu.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko kawaida. Ninahazwe hakuuliza tena. Halafu akaanza kusema peke yake, kwa sauti ya chini: kwamba mtu mzima yuko Paris, ana koti, ana nyama, na hana salamu. Kwamba mke aliyempa jibini bado amesimama mlangoni kama mjinga. Na siku nyingine akasema, "Yule aliyeleta habari za Lusaka hakukosea. Mke mnene. Kiduka." Na kitabu hakikuwa kimetaja Lusaka.

Panya aliyekuwa anatusumbua stoo akampa jina la Ildephonse. "Ildephonse amekula tena mkate," anasema, na anacheka, na ukimwangalia usoni hucheki. Alivuta nywele za watu hadi macho yao yakapanda. Wateja wakaanza kuomba wasukwe na mimi.

Jumapili Zénon akaja na machungwa yake. Kabla hajauliza, Ninahazwe akamwambia, "Kama unataka twende kwa pasta, twende. Jumamosi njoo unichukue."

Zénon alishika mlango. Furaha ilimjaa hadi akamshukuru Cathy, ambaye hakuwa amefanya lolote.

Na mimi? Si ndilo nililoliomba miaka miwili? Ningepaswa kupiga vigelegele. Lakini nilikuwa nimemwona alivyosema. Alisema kama mtu anayelipiza. Ndoa ya namna hiyo Zénon angeila kila siku mezani bila kujua nani alitia sumu. Nilijaribu kujiambia hayanihusu. Nikashindwa kulala, nikaanza kumchukia kila Mskoti aliyewahi kuzaliwa.

Jumamosi ikafika. Cathy alikuwa kitini tangu alfajiri, ana harusi ya binamu yake Queensburgh saa tisa, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Séverin yuko kwenye kona na kitabu chake. Ninahazwe amevaa gauni zuri chini ya aproni, anangoja Zénon, anasuka upande wa kushoto, mimi wa kulia.

"Cathy," akasema, "kamwambie huyo bibi harusi: mwanaume akikupa mgongo, mhesabu mbwa. Hata akiwa na vifungo vya shaba. Mbwa." Akacheka kile kicheko.

Nikatupa chanuo chini. Lilivunjika. Lilikuwa chanuo zuri.

"Séverin! Fungua kitabu. Soma pale penyewe."

"Pale wapi, shemeji?"

"Usinitanie leo! Pale kwenye mto!"

Akawa mweupe kadiri mtu wa Uvira anavyoweza. Ninahazwe akanigeukia. "Mto gani?"

"Ildephonse hakubaki Paris," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema abaki hai, na huyu mpumbavu hakujua pa kumweka. Msomee, Séverin."

Akasoma. Kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili. Kwenye kivuko cha mto walipoteza farasi wawili na mtunza. Hakuongeza kitu, hakupunguza.

Ninahazwe alikuwa bado ameshika nywele za Cathy. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Nani alimtoa majini?"

"Hakisemi."

"Walimzika?"

"Hakisemi, mama."

"Walimlilia?"

Séverin alinitazama. Nikamwambia asijibu kwa kuniangalia mimi. "Walimlilia farasi," akasema.

"Yesu Kristo!" akasema Cathy.

Ninahazwe akaachia nywele. Akaifikiria ile sentensi, midomo inatembea, nikaona anaitafutia mahali. Halafu akauliza swali ambalo mimi, kwa hasira zangu zote, sikuwa nimelifikiria.

"Huo mto uko upande gani? Walikuwa wanaenda, au wanarudi?"

Séverin akarudisha ukurasa, akasoma kimoyomoyo, kwa uangalifu, kidole kwenye mstari. "Wanarudi. Wameshatoka Ufaransa. Wako Uskoti tayari, wanaelekea kwao."

"Kwa hiyo alikuwa anarudi kwa mke wake."

"Ndiyo."

"Na mimi nimemwita mbwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mwezi mzima namtukana mtu aliyekufa akija kwangu. Nimempa jina lake panya."

Hakuna aliyesema kwamba huyo ni wa kitabuni. Hata Cathy. Ninahazwe akavua viatu vyake vizuri, akajifungua kitambaa cha kichwa, akakaa sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa, akanyoosha miguu. Halafu kilio kikamtoka, kile ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu nimjue, kile cha nyumbani, cha kumwita mtu kwa majina yake yote na ya baba yake na ya kilima alikozaliwa. Hakuna Mskoti aliyezaliwa kwenye kilima kile.

Nikageuza kibao cha mlangoni: tumefunga. Jumamosi, jamani, siku ya mapato! Nikakaa chini kando yake nikamshika. Cathy akashuka kitini, nusu ya kichwa imesimama, harusi inamsubiri, akakaa naye akaanza kulia, na yeye ana wake wa kuwalilia, nani hana. Séverin alikuwa amesimama na kitabu kifuani, machozi yanamtoka hadi kwenye kola. Nikamwambia kama anataka kulia akae chini kama watu.

Tukiwa hivyo, Zénon akagonga kioo. Alikuwa na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Séverin akamfungulia. Akaingia na tabasamu, akatuona, tabasamu likaondoka.

"Poleni," akasema. "Poleni sana. Nani amefariki?"

Nikafungua mdomo. Ningemwambia nini? Mtunza farasi? Wa zamani za wafalme?

Ninahazwe akainua uso wake uliolowa, akamtazama Zénon moja kwa moja.

"Mume wangu," akasema.

Zénon alisimama pale na suti yake. Niliona anaelewa, na niliona inavyomwingia, habari ya kumpa mwanamke asiyengoja mtu tena na ya kumnyima siku yake ya leo, kwa wakati mmoja. Hakuuliza lini, hakuuliza nani kaleta habari. Pasta alikuwa anawangoja kanisani, na Zénon hakumtaja. Akainama akafungua kamba za viatu, akaviweka mlangoni, akaja akatafuta mahali pa kukaa. Nikamwambia Cathy asogee kidogo ampishe nafasi.